Mafaili ya GB 40 yamejazaje diski ya GB 500?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huku Tandahimba. Mwanzoni mwa Oktoba tulinunua diski ya nje mpya ya GB 500, nikawasha File History, ile bekapu iliyomo ndani ya Windows, ili kompyuta ya chama iwe inajifanyia bekapu yenyewe. Wiki ya pili ya Desemba ikaanza kuandika kwamba diski imejaa. Mafaili yetu yote nikiyapima hayafiki GB 40. Ipo na bekapu ya pili ambayo kijana aliyetufungia kompyuta aliipanga iwe inanakili saa saba mchana kwenda diski E, nayo mara inafanya, mara haifanyi. Nimefuta nakala za zamani kwenye ile diski, baada ya siku chache imejaa tena. Mwenyekiti anasema tununue ya tera mbili yaishe. Nimeambatisha picha za folda. Tufanyeje, maana wakaguzi wa vyama vya ushirika, COASCO, nao watakuja?

Jibu: Marahaba, dada. Mwenyekiti mwambie asitoe hela kwanza. Hata hiyo ya tera mbili mtaijaza, ila itachukua muda mrefu zaidi, na msimu ujao haujaisha utaniandikia swali hili hili. Na tafadhali usifute kitu kingine kwa mkono ndani ya ile diski mpaka umalize kusoma. Nitaeleza kwa nini.

Nimeangalia picha zako. Diski yenu haikujazwa na mafaili ya chama. Imejazwa na faili moja tu, lile la wanachama.accdb, la programu ya Access mnamoandikia wakulima.

Wengi wakisikia bekapu wanafikiria kivuli: faili lipo hapa, nakala yake iko kule, vinalingana. File History haifanyi hivyo. Yenyewe ni kama karani asiyetaka kutupa karatasi. Kila saa inapita, ikikuta faili limeguswa, hata kama mmeongeza gunia moja la mkulima mmoja, inaandika nakala nyingine nzima, na ile ya saa iliyopita inabaki pale pale. Kwa barua ya kurasa mbili hilo halina madhara. Kwa faili lenye picha za vitambulisho vya wakulima ndani yake, ni msiba.

Hesabu yenyewe iko kwenye picha yako ya tatu. Faili la wanachama lina MB 900 hivi. Tarehe 18 Novemba nimehesabu nakala zake tisa. Jina la ya kwanza limeandikwa "wanachama (2025_11_18 05_30_12 UTC)". Hizo saa zisikutishe, hakuna mtu aliyeingia ofisini alfajiri: mashine inaandika kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo hiyo ni saa mbili na nusu asubuhi, wakati mlipokuwa mnafungua mzani. Nakala tisa mara MB 900 ni GB 8.1 kwa siku. Mkifanya kazi siku sita kwa wiki, na msimu wa korosho najua hata Jumamosi hampumziki, ni karibu GB 49 kila wiki. Diski inayouzwa kwa jina la GB 500, Windows inaionyesha kuwa 465. Hamkuibiwa: kiwanda kinahesabu kwa maelfu, Windows inahesabu kwa 1,024, basi zinapishana. Ondoa GB 40 za nakala ya kwanza ya kila kitu, zinabaki 425. Gawa kwa 49. Ni wiki nane na siku kadhaa. Kutoka mwanzoni mwa Oktoba unafika wapi? Karibu na wiki ya pili ya Desemba.

Ndiyo maana ulipofuta kidogo ilijaa tena baada ya siku chache. Ulifungua nafasi ya GB 20 au 30, na faili hilo linakula nane kila siku.

Sababu ya pili iko kwenye mipangilio, na hapa wala si kosa lako. File History ikiwashwa tu bila kuguswa, inanakili kila saa moja na inatunza nakala milele. Kwenye Control Panel, ingia File History, halafu upande wa kushoto bonyeza "Advanced settings". Utakuta sehemu mbili. Ya juu inauliza inakili kila baada ya muda gani. Ya chini inauliza nakala zitunzwe hadi lini, nayo imeandikwa "Forever". Neno hilo moja ndilo lililowajazia diski. Huwa nashangaa kwa nini hawakuliweka liwe "Until space is needed", yaani tunza mpaka nafasi ihitajike, ambalo lipo kwenye orodha hiyo hiyo.

Sasa tiba. Wengine wangekuambia uweke mwezi mmoja yaishe. Kwa chama cha korosho mimi sikushauri. Mkulima analeta mzigo, mnapima, mnampa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu, unaingia mnadani, hela zinapita benki baada ya makato, halafu wiki tatu baadaye anakuja mzee mmoja na karatasi yake mkononi anasema kilo zake zilipungua. Ukitaka kuona faili lilikuwaje siku ile aliyopima, mwezi mmoja unaweza kuwa umepita. Weka miezi mitatu. Lakini ukiweka miezi mitatu huku lile faili kubwa likiendelea kunakiliwa kila saa, diski itajaa vile vile kabla miezi mitatu haijatimia. Kwa hiyo faili hilo lazima litoke kwenye mikono ya File History kabisa.

Fanya kwa mpangilio huu. Kabla ya kusafisha, okoa unachohitaji. Zile nakala zilizo ndani ya folda ya FileHistory ni mafaili ya kawaida, zinafunguka kama faili lolote. Tafuta tarehe ya kila mnada mliokwisha kufanya, chukua nakala ya mwisho ya siku hiyo, inakili kwenda folda mpya kwenye kompyuta. Nimesema inakili, si kata na kuhamisha. Kama mmefanya minada minane, ni nakala nane, GB 7 na kitu. Halafu fungua kila moja uone inafunguka kweli. Hapo usiruke, na nitarudi kwenye sababu.

Baada ya hapo ingia tena kwenye mipangilio ile, bonyeza "Clean up versions", chagua nakala zilizozidi mwezi mmoja. Chini kabisa ya orodha kuna chaguo la kufuta zote isipokuwa ya mwisho. Usiliguse. Ni la mtu anayehama kompyuta, wewe una mzee wa karatasi anakuja.

Kwa nini nimekukataza kufuta kwa mkono? File History ina daftari lake, lipo kwenye folda ya Configuration, ambamo imeandika kila nakala iko wapi. Ukifuta nakala kupitia dirisha la kawaida la mafaili, daftari halijui. Siku ukija kurejesha, itakuonyesha kwamba nakala ya tarehe 3 Novemba ipo, ukibonyeza inakwama. Kwa hizo ulizokwisha kufuta, usihangaike nazo. Ila usafishaji ukigoma au ukileta makosa, zima File History, ibadilishe jina folda ile kubwa iwe "FileHistory-ya-zamani", kisha uiwashe upya ianze daftari jipya. Ya zamani inabaki humo humo kama kumbukumbu mpaka ukaguzi upite, mradi umeipunguza nafasi ipatikane.

Mwisho, kwenye File History kuna sehemu ya kuondoa folda usiyotaka inakiliwe. Weka folda ya wanachama humo. Mengine yote, barua, mihtasari ya vikao, majedwali ya Excel, yaache yanakiliwe. Mara moja kila baada ya saa sita inatosha.

Faili la wanachama sasa utalishughulikia mwenyewe, na hapa kuna jambo nililotaka kulisema tangu mwanzo. Hata kama diski ingekuwa na nafasi ya kumwaga, zile nakala za kila saa nusu yake sizipi imani. Faili la Access likiwa limefunguliwa, pembeni yake kinatokea kifaili kidogo chenye jina lile lile na mwisho wa .laccdb. Hicho ni kama viatu mlangoni: maana yake ndani kuna mtu. Kunakili faili wakati huo ni kama kupiga picha ya mizani wakati gunia linapandishwa. Picha utaipata, uzito sahihi huna hakika nao. Nakala inaweza kufunguka vizuri, inaweza kufunguka ikiwa na pengo, inaweza kukataa kabisa. Ndiyo maana nikasema ufungue kila moja uliyookoa. Ikikataa, chukua iliyo kabla yake.

Nakala ya kuaminika ni ile iliyochukuliwa wakati programu imefungwa. Kila jioni mkishafunga mzani, funga Access, hakikisha .laccdb imetoweka, nakili faili kwenda diski ya nje kwenye folda yenye jina la tarehe. Ni dakika mbili. Tunza za siku saba za mwisho, na moja ya kila wiki kwa wiki nne, na moja ya kila mnada hadi ukaguzi upite. Mkiwa na minada kumi, jumla ni nakala 21. Mara MB 900 ni kama GB 19. Linganisha na zile 425.

Na hilo faili lenyewe linahitaji daktari. Access haiendi zaidi ya GB 2 kwa faili moja, ikifika hapo inagoma kuandika, na itachagua kugoma siku yenye foleni hadi barabarani. Ninyi mko karibu nusu ya njia. Kuna vitu viwili vinavyolinenepesha. Cha kwanza, ukifuta kumbukumbu ndani ya Access, nafasi yake hairudi mpaka ubonyeze "Compact and Repair". Fanya hivyo leo, baada ya kuchukua nakala, uone limepungua kiasi gani. Cha pili ni hizo picha za vitambulisho zilizobandikwa ndani. Picha zikae kwenye folda yake, ndani ya Access iandikwe njia ya kuifikia tu. Hiyo ni kazi ya mtu anayeijua Access, ingoje msimu uishe. Usiruhusu mtu aifanye katikati ya minada.

Tuje kwenye bekapu ya pili, ile ya mara inafanya, mara haifanyi. Nimecheka kidogo, samahani, kwa sababu ugonjwa huu nauona sana na hauko kwenye kompyuta. Kijana wenu aliipanga saa saba. Fungua Task Scheduler, sehemu ya Windows ya kupangia kazi za kujifanya zenyewe, itafute hiyo kazi, angalia saa iliyoandikwa. Nakuwekea dau la korosho za kubangua kwamba imeandikwa 7:00. Kompyuta haijui kwamba sisi siku inaanza jua likichomoza. Kwake 7:00 ni saa moja asubuhi, na saa moja asubuhi ofisi yenu imefungwa. Siku ambayo mlisahau kuizima usiku, au wewe ulipowahi kazini, ndiyo hizo siku "inafanya". Saa saba mchana iandikwe 13:00, au 1:00 PM kama mashine yenu inatumia mtindo huo.

Ukiwa humo humo, angalia mambo mawili zaidi. Kwenye kipande cha "Settings" kuna kisanduku kinachosema kazi ifanyike mara mashine inapopata nafasi, kama muda wake ulipita ikiwa imezimwa. Kiwekee alama. Na kama mnatumia laptopu, kwenye "Conditions" kuna kisanduku kinachotaka kazi ianze pale tu laptopu inapokula umeme wa ukutani. Hicho huwa kimewekewa alama tangu mwanzo. Umeme ukikatika mchana, au LUKU ikiisha na aliyetumwa vocha hajarudi, laptopu inaendelea na betri, wewe unaendelea kuandika, bekapu imelala. Iondoe alama.

Safu ya matokeo ya mwisho itakuonyesha namba. 0x0 ni salama. Kama kazi inatumia robocopy, amri ya Windows ya kunakili mafaili, 0x1 nayo si kosa, maana yake kuna mafaili mapya yamenakiliwa. Hizo namba za robocopy zinaanza kuwa shari kuanzia 8. Nimeshaona watu wakibomoa bekapu nzima iliyo salama kwa sababu ya kuiona 1.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni hiyo herufi E. Windows haiigawi E kwa diski yenu kama cheo cha kudumu. Diski ikichomolewa, akaja mtu na flashi yake akaichomeka, flashi inaweza kupewa E, na diski yenu ikirudi inaitwa F. Kazi iliyopangwa haiulizi huyu ni nani. Inanakili kwenda E.

Miaka kadhaa nyuma niliitwa duka moja la vipuri Lindi mjini, mwenyewe akilalamika bekapu zimepungua. Tulitafuta asubuhi nzima. Baadaye akaingia mteja mmoja, fundi pikipiki, na flashi mkononi, anacheka: siku iliyotangulia aliiacha pale achapiwe orodha ya vipuri, kufika nyumbani akakuta folda nzima ya madeni ya duka, na jina lake mwenyewe namba nane kwenye orodha. Tulicheka wote, lakini mwenye duka alicheka kwa meno tu. Ninyi mna majina ya wakulima, namba za simu, akaunti za benki na picha za vitambulisho. Hizo ni taarifa binafsi, na tangu 2023 nchi ina sheria yake inayofanya kazi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ukizikuta kwenye flashi ya mtu aliyekuja kuchapisha tangazo la msiba, huna la kujibu.

Dawa yake ni fupi. Bonyeza kulia alama ya Windows, ingia Disk Management, bonyeza kulia diski yenu ya nje, badilisha herufi yake iwe ya mbali, R au T. Windows ikigawa herufi kwa flashi zinazoingia huanza za mwanzo zilizo wazi, kwa hiyo haitafika huko kirahisi. Kisha rekebisha ile kazi ielekee R. Na angalia kama kwenye maelekezo yake kuna alama /MIR. Hiyo inaiambia robocopy ifanye upande wa pili ufanane kabisa na wa kwanza, pamoja na kufuta kilichofutwa. Ukikosea ukafuta folda saa sita mchana, saa saba bekapu nayo inaifuta kwa utii. Na ikiangukia kwenye flashi ya mtu, inaweza kumfutia vyake. Kwa kazi yenu iondoe, tumia /E badala yake.

Vitu vidogo vinavyoweza kujitokeza, nivipitie haraka. Ujumbe wa "nafasi haitoshi" si lazima uhusu diski ya nje. Angalia na C, maana bekapu ya mfumo mzima inahitaji nafasi huko inakotoka pia, na C iliyobakiwa na vijimegabaiti inaangusha kila kitu. Flashi ikikataa faili moja kubwa huku ina nafasi tele, imeumbizwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili linalozidi GB 4. Diski ikipotea na kurudi ukitikisa waya, badilisha waya kabla ya kulaumu diski. Vumbi jekundu la kwenu na chumvi ya bahari ya huku Mtwara vinakula matundu ya USB kimya kimya, na matundu ya nyuma ya mashine huwa na nguvu na uimara kuliko ya mbele. Diski ikianza kugonga tik-tik-tik, izime usiiwashe tena kujaribu bahati.

Halafu hili la mwenyekiti kutaka tera mbili. Sokoni kuna flashi zimeandikwa 2TB kwa bei ya kuku wawili. Ndani yake ni kitu cha GB 32 au pungufu, kimefundishwa kudanganya. Unaandika, inapokea, inakuonyesha majina ya mafaili yote, na kilichopita uwezo wake wa kweli hakipo. Hiyo ni mbaya kuliko diski iliyojaa, kwa sababu iliyojaa angalau inalalamika. Zipo programu za bure za kuipima, H2testw ni mojawapo: inaijaza mpaka mwisho kisha inasoma ilichoandika. Inachukua saa nyingi, mwache muuzaji ajue kwamba utaipima na asikie.

Ushauri wangu kwa mwenyekiti ni kwamba hela ya tera mbili inunue diski ya pili ya GB 500 inayoeleweka, na chenji irudi chamani. Diski ya kwanza ibaki mezani na File History. Ya pili isichomekwe muda wote. Kila mwisho wa wiki, na kila baada ya mnada, ichomeke, nakili folda ya wanachama na ya malipo, iondoe kwa usalama, ikalale kwenye kasiki au nyumbani kwa mhazini, isikae jengo moja na kompyuta. Diski iliyochomekwa saa zote ikipigwa na radi, au ikaingia ile virusi inayofunga mafaili na kudai fidia, inakufa pamoja na kompyuta yake. Ya kasikini haina habari. Iwekeeni nywila kwa BitLocker kama Windows yenu ni Pro, na nywila iandikwe kwenye bahasha iliyofungwa, si kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya diski kama nilivyokuta sehemu fulani.

Mtandaoni je? Unaweza, kwa kiasi. Akaunti ya Google ya bure ina GB 15, lakini hizo zinagawana barua pepe, picha za simu na mafaili. Ukitumia akaunti yako binafsi yenye picha za harusi ya mdogo wako, chama kitakosa pa kukaa. OneDrive ya bure ina GB 5. Kupandisha MB 900 kila jioni kwa bando la simu ni kuchoma hela, na Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika sote tuliona intaneti ikisuasua. Pandisha muhtasari tu wa malipo baada ya kila mnada, lile jedwali la Excel lenye jina, kilo, makato na kilicholipwa, likiwa limefungwa kwa nywila. Hilo ni megabaiti chache na ndilo wakaguzi watakaloulizia kwanza.

Kama bado mko kwenye Windows 10, jueni kwamba Microsoft iliacha kuipa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Haifi leo, lakini msimu ukiisha lizungumzeni kwenye bodi.

Sasa kazi moja kabla hujalala. Usichukue neno la kompyuta kwamba bekapu ipo, wala neno langu. Chukua kitabu cha stakabadhi, fungua ukurasa wowote wa Novemba, chagua mkulima mmoja. Chukua nakala ya siku hiyo kutoka kwenye diski, iweke kwenye folda mpya ya "jaribio" ili isifunike faili la sasa, ifungue, mtafute kwa jina. Soma kilo zake kwa sauti huku mwenzako ameshika kitabu. Zikilingana, andika tarehe na sahihi zenu wawili kwenye daftari la ofisi, na mrudie hivyo kila mwezi. Zisipolingana, usirekebishe chochote. Nipigie picha ya vyote viwili unitumie.